Kukauka

Newala, wodi namba tatu, saa kumi na moja alfajiri.
Ndoo mbili: moja ya kudeki, moja ya watu.
Maji yamepanda mlima huu kwa pampu, kwa lori, kwa ndoo kichwani,
nami nimechemsha sufuria nzima
nioshe kiganja kimoja.

Sista Nandonde kasimama mlangoni, mikono nyuma.
"Mchopa, unamwaga maji kama mtoto wa bombani."

Kiganja ni cha Bi Somoe Likapa, mbanguaji korosho.
Maganda yalilipuka kwenye kikaango cha debe,
mafuta yakamla ngozi toka kidole gumba hadi kifundo cha mkono.
Nyumbani walimpaka dawa ya meno, kisha majivu, kisha yai.
Hapa kwetu, wiki ya kwanza, tulimpaka spiriti.
Nawaandika wote mstari mmoja:
kidonda hakikuuliza nani ana cheti.

Nilikwenda semina, siku tatu, Mtwara mjini,
nikarudi na posho na karatasi kumi na mbili.
Ya saba inasema nyama mpya inataka unyevu.
Inasema spiriti haichagui,
inaua kijidudu na inamuua fundi anayejenga.
Inasema pima. Andika. Kesho pima tena.
Niliisoma ndani ya basi,
nikaanza kuhesabu viganja nilivyounguza
miaka sita, kwa nia njema.
Tulipofika Tandahimba nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Lakini nianzie wapi?
Lugha yenyewe iko upande wa Sista.
Jirani akiulizia mguu wa mtoto husema: kimekauka?
Tunaanika mihogo ikauke,
tunaanika korosho zikauke,
tukikosa cha kuanika tunaanika kidonda.
Nani atanielewa nikisema hiki ni mche kwenye kiriba,
na jua unalolisifu ndilo litakaloua?

Nilisema hivyo hivyo. Sista akacheka puani.
"Mche," akasema. "Haya, mwagilia."

Siku ya nne akaja mwenyewe, akainama, akanusa.
Hakugusa.
"Hapo, chini ya kidole cha shahada. Kuna usaha umejificha."
Nikatazama: hakuna kitu.
Nikafungua.
Ulikuwepo.
Karatasi kumi na mbili hazina pua.

Tangu hapo yeye ananusa, mimi napima
kwa rula ya binti yangu wa darasa la tatu,
nimeisugua kwa klorini hadi jina lake limepauka.
Jumatatu, sentimita saba na nusu.
Alhamisi, sita na nukta nane.
Jumapili pako wazi daftarini:
shashi zilikwisha stoo,
nikatoka na kiasi kilichobaki cha posho
kwenda kugonga duka la dawa, mwenyewe yuko kanisani.
Hilo nalo haliko kwenye karatasi.

Chupa ya spiriti bado iko kabatini.
Sista hajaitupa.
Kaigeuza tu, lebo inatazama ukuta.

Bi Somoe haulizi habari za utafiti.
Anauliza gumba.
"Chamani nasaini kwa hili. Msimu ukifunguliwa
nikipeleka kiganja kisicho na alama,
karani atanijua kwa nini?"
Sikuwa na jibu la sentimita.
Nikamfunga shashi yenye vaselini, polepole,
nikamwambia akunje vidole, avikunjue,
akalia, akakunja, akanitukana Kimakonde,
akakunjua.

Jana karuhusiwa.
Nikamletea kidau cha wino na karatasi ya kutoka.
Akabonyeza kwa nguvu kama anayefunga mlango.
Mistari ilikuwepo, imezunguka vizuri,
ila katikati palibaki njia nyembamba, nyeupe,
isiyokwenda popote.

Tuliitazama watu watatu.
Nikataka kuikunja niiweke kwenye faili.

"Wee Mchopa," Sista akanishika mkono,
"acha kwanza.
Acha wino ukauke."